Faili Arobaini na Moja, Mkono Mmoja

Risala ya wafanyakazi wa kiwanda cha kufua mashuka kwa Mheshimiwa Daktari, siku ya kukabidhiwa Ngao ya Afya Kazini. Msomaji: Katibu wa wafanyakazi, mpiga pasi wa meza ya pili.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari,
Bwana Meneja na wasaidizi wako,
Shemeji yetu uliyeketi safu ya mbele na mkoba mapajani,
Wafanyakazi wenzetu,

Hamjambo.

KARIBU

Karibu, Daktari. Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu, ingawa mioyo yenyewe leo inadunda mno. Umekuja kwa miguu yako mpaka kwenye ukumbi huu, ambao siku nyingine ni chumba cha kukunjia mashuka, na pale mlangoni umetushika mkono mmoja mmoja. Tulikuona ukinusa hewa. Ni sabuni na mvuke. Sisi harufu hiyo hatuisikii tena.

Hatujawahi kuonana nawe ana kwa ana. Kwa miaka mitatu umekuwa uso mdogo kwenye skrini, ndani ya iliyokuwa stoo ya sabuni, ukitupima afya kila mwaka kutoka huko uliko. Sisi nasi tulikuwa nani kwako, hilo ndilo tulilokuja kulisema.

Kwanza jambo la utaratibu. Risala zote za hapa hupelekwa ofisini kwa Meneja, zikasomwa na kugongwa muhuri. Ya leo ilipelekwa na ikagongwa. Ilikuwa ukurasa mmoja: karibu, ahsante, tunaomba feni mbili. Ukurasa huo uko chini ya makaratasi haya, na Katibu atakukabidhi mwishoni. Haya unayoyasikia tulianza kuyaandika juzi jioni kwenye chumba cha boila, tukayamaliza jana usiku. Bwana Meneja, tunajua utataka kusimama. Tunakuomba kwa heshima zote ukae. Ukisimama sasa watu watadhani unajua tunachotaka kusema, na kwa kweli hujui.

HISTORIA YETU

Tunafua mashuka ya hospitali mbili na hoteli tatu. Yanaingia mlango wa nyuma na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukiacha, yanatoka mlango wa mbele meupe pe, yamekunjwa mara nne, kona juu ya kona. Kila shuka lina alama ya mwenyewe kwenye pindo ili lisichanganyike na la mwingine. Katikati ya milango hiyo miwili kuna mashine za kufulia, za kukamua, za kukaushia, na roli kubwa la pasi ambalo shuka huingia likiwa bichi upande huu likatokea kavu upande ule.

Anayelilisha roli hilo ni mtu mmoja, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ana miaka hamsini na mitatu. Tunamwita Chuma, kwa sababu alikuwa haugui. Mafua yakiingia kiwandani yalitupitia sote, yakifika kwake yanamruka. Mara moja tu roli lilimshika mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, likamwachia kovu jeupe lililopinda mfano wa ndoano. Alifunga kitambaa akamaliza zamu. "Na mimi nimewekewa alama yangu," alisema. "Hata nikichanganyika na ya watu, mtanijua."

Miaka minne iliyopita Mfuko wa Afya Kazini ulianzisha uchunguzi wa afya wa kila mwaka. Nia ilikuwa njema, tunasema bila kejeli: mtu apimwe akiwa mzima, ili kama kuna ugonjwa ukutwe ungali mchanga. Mwaka wa kwanza alikuja muuguzi na mzani wake. Watatu kati yetu walikutwa na presha: mama wa sabuni, mkaushaji mmoja na dereva. Wakaambiwa wakapumzike nyumbani. Mpaka leo wanapumzika. Nafasi zao zilijazwa kabla ovaroli zao hazijakauka kwenye kamba, na kuanzia siku hiyo neno kupimwa likawa linatutia baridi.

Mwaka uliofuata muuguzi hakuja, ikaja skrini. Stoo ikawekwa kiti kimoja, meza, kipimo cha presha ambacho mtu anajifunga mwenyewe, vikombe, vijiti vya kupimia mkojo na kamera ndogo. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, ndipo wewe Daktari ukashauri kamera ielekezwe mkononi tu ili picha ipite upesi, na mtu ataje namba ya beji yake. Picha ya mkono ikawa inabaki kwenye faili mpaka uchunguzi wa mwaka unaofuata. Uso haukuhitajika. Hata ungehitajika, hapa tunavaa barakoa na kofia tangu tunapoingia.

Siku ile Chuma aliingia wa kwanza, akatoka na mia na ishirini kwa themanini. Nyuma yake alikuwa mkunjaji wetu wa mataulo, ambaye kwao presha ni ya ukoo. Alisimama mlangoni miguu ikimcheza.

"Kaka Chuma," alisema, "mimi nikiingia humo, sitoki na kazi."

Chuma alimwangalia kidogo. "Lete beji yako."

"Unataka kufanya nini?"

"Mkono ni mkono. Kwani umeandikwa jina?"

Ndivyo ilivyoanza. Ilianza kwa huruma ya mtu mmoja kwa mwenzake, wala hatutaki mtu aseme ilianza kwa ujanja. Kufika saa ya chai beji zilikuwa kumi mfukoni mwake. Kufika jioni zilikuwa arobaini na moja, yaani zetu sote. Hata wale ambao hawakuwa na cha kuogopa walitoa za kwao, maana kumwona daktari ni dakika kumi na tano na mashuka hayamsubiri mtu.

MAFANIKIO

Hapa ndipo watu hujisifu. Ngao iliyofunikwa kitambaa hapo mezani inatolewa kwa kiwanda ambacho wafanyakazi wake wote wamefanyiwa uchunguzi wa mwaka, miaka mitatu mfululizo, bila kukosa hata mmoja.

Daktari, kwa miaka hiyo mitatu uliupima mkono wa Chuma mara mia moja ishirini na tatu kwa niaba yetu. Mara zote hizo uliuliza kama tunalala vizuri, kama tunakula mboga, kama kuna mtu kwenye ukoo aliyekuwa na kisukari. Chuma alikuwa na karatasi ya kila mtu mapajani. Ukiuliza siku za mwezi za mkamuaji wetu, dada wa watu, Chuma alijibu kwa sauti nyembamba tarehe aliyoandikiwa, na sisi tuliokuwa nyuma ya mlango tulijiziba midomo kwa ovaroli tusiangue kicheko.

Mkojo nao ulikuwa wake. Alikunywa maji tangu alfajiri, jagi baada ya jagi, vikombe vimepangwa dirishani. Mwaka huu vikombe vilikuwa na povu. Jamani! Sisi tunaishi kwa povu. Tunalijua la sabuni ya unga, la sabuni ya maji, la shuka lililosuuzwa nusu nusu. Tuliona povu lile limekaa juu ya kikombe nusu saa zima haliondoki, na tulichofanya ni kucheka. Mmoja wetu akasema, "Kaka, leo umekunywa sabuni?" Naye akajibu, "Najisuuza ndani." Hospitali wametuambia juzi kwamba povu lile lilikuwa figo zinavuja.

Na siku hiyo hiyo ulituuliza swali ambalo hatulisahau. Ulisema, "Mbona leo kila mkono una kovu?" Chuma akajibu, "Daktari, huku sote tumeungua." Ukasema pole, na ulisema kama mtu anayemaanisha. Ni kwa sababu ya pole ile tumeona tukuambie wewe.

Mwaka huu Chuma alijiweka wa mwisho. Ilipofika beji ya arobaini na mbili, yake mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye kile kiti tangu saa moja na nusu asubuhi. Amevua viatu, miguu imejaa. Akamwita Katibu.

"Dada, nikalie hii moja. Mkono wangu umeonekana vya kutosha."

Katibu akakaa. Akakunja mkono wa ovaroli. Bangili yake ya shaba akaiacha pale pale, maana tangu anenepe haitoki. Akataja namba ya Chuma kwa sauti ya kiume aliyojitahidi nayo. Kipimo kikasema mia na kumi kwa sabini, kijiti alichochovya kwenye mkojo wake mwenyewe nacho kikatoka safi. "Hongera, baba," ulimwambia. "Una mwili wa kijana." Chuma alikuwa nyuma ya mlango, amejilaza juu ya rundo la mashuka machafu, anaisikiliza hongera yake.

CHANGAMOTO

Baada ya wiki mbili zikaja barua, kila mtu na bahasha yake. Katibu alifungua ya kwake chooni. Presha mia moja na sabini kwa mia moja na tano. Protini nyingi kwenye mkojo. Nenda hospitali ndani ya wiki mbili ukapimwe damu.

Sote tuliandikiwa hivyo hivyo, namba zikipishana kidogo tu. Utasema, si mngetambua papo hapo? Tungetambua kama tungeonyeshana. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Kila mmoja alidhani imempata peke yake, na barua ya namna hiyo hapa kwetu ndiyo ya kwenda kupumzika. Mmoja wetu aliitia kwenye moto wa boila. Mwingine aliikunja akaisokomeza chini ya mguu wa meza inayoyumba. Mwingine aliisahau mfukoni ikafuliwa pamoja na ovaroli. Kila mmoja alijiambia kimoyomoyo: hii si yangu, mkono ni wa Chuma, na Chuma hana kitu, basi kompyuta imekosea.

Tulijuaje kwamba Chuma hana kitu? Alisimama mwenyewe saa ya chai akaisoma barua yake kwa sauti. "Vipimo vyako vyote ni vizuri. Endelea hivyo hivyo." Tukampigia makofi, tukarudi kazini roho nyeupe.

Mbali na Chuma, ambaye hakuwa ameiona barua ya mtu mwingine, ndani ya chumba kile mtu mmoja tu alijua barua ile ni ya mkono wa nani. Katibu alikuwa ameshika kikombe cha chai. Barua yake yenye ugonjwa ni mkono wa Chuma. Barua ya Chuma yenye uzima ni mkono wake. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Akaipiga, jibu likaja. Waliokuwa karibu naye wanakumbuka kikombe kilimponyoka, akasema chai ilikuwa ya moto. Haikuwa ya moto.

Tunamwandika "yeye" kwa sababu amekataa kujiandika "mimi". Alisema akifika kwenye "mimi" sauti itamkatika, na risala hii lazima ifike mwisho. Tukamkubalia.

Aliazimia kumwambia Chuma kesho yake. Kesho ikawa wiki. Siku moja alimfuata kwenye roli, mvuke unawafunika wote wawili.

"Kaka, hebu nenda hospitali ukapime damu."

"Nikapime nini tena? Mwaka huu nimepimwa mara arobaini na moja!"

Akacheka, na Katibu akacheka. Angeweza kuendelea. Angeweza kuitoa barua yake pale pale akamwonyesha. Lakini kuitoa ni kuionyesha, na ikionekana, itafika ofisini, na yeye ana watoto wawili na mama mzazi wanaokula kwenye meza ile ya pasi. Akarudi mezani kwake. Ikapita miezi mitatu. Hajifichi na jambo hilo, wala sisi hatumfichii, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na barua yake na hakuuliza: kama huu ugonjwa si wangu, ni wa nani?

Mwezi uliopita, asubuhi, shuka lilitoka kwenye roli limekunjamana. Miaka kumi na tisa halijatoka shuka limekunjamana kwa Chuma. Tuligeuka sote. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mashine, uso umevimba macho yamebaki mistari. Neno lake lilikuwa, "Zimeni roli, litaunguza."

Hospitali wakasema figo zote mbili zimekwisha. Daktari wa kule akauliza kama mgonjwa hakuwahi kupimwa. Shemeji, wewe ulijibu kwa fahari kwamba mume wako anapimwa kila mwaka na hajakosa hata mara moja. Ukatoa ile barua kwenye mkoba, huo ulioushika sasa. Daktari yule aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Katibu alikuwepo. Alitazama sakafu.

Tulidhani hapo ndipo tumefika mwisho wa mabaya. Mfuko wa Afya Kazini, ulipoombwa kulipia matibabu, ukalifungua faili la Chuma. Ukakuta kwamba miezi minne nyuma alikuwa mzima wa afya. Wakasema figo hazifi kwa miezi minne. Wakatazama picha: mgonjwa aliyelazwa ana kovu, mkono ulio kwenye faili hauna kovu, tena una bangili. Wakaandika kwamba mtu aliyelazwa si mwenye beji. Ni mdanganyifu anayejitibia kwa jina la mtu mwingine.

Tulipigwa na butwaa, Daktari, na mpaka sasa halijatutoka. Mtu aliyekuwa sisi sote anaambiwa hayupo. Tulikwenda kumshuhudia, tukaambiwa maneno ya mdomo hayatoshi, inatakiwa sahihi ya daktari aliyempima. Isipopatikana mpaka Ijumaa, ataondolewa kwenye ile mashine inayomsafisha damu. Leo ni Jumatano.

Hapo ndipo Katibu alipotuita chumba cha boila. Alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa barua yake, akaisoma. Kisha mkunjaji wa mataulo akavua kiatu, akatoa ya kwake. Mkamuaji akatoa ya kwake kwenye mfuko wa ndani. Zikaendelea kutoka, kwenye soksi, kwenye kofia, kwenye pindo la sidiria, zote zinasema neno lile lile, na watu wazima wakaanza kulia kwa sauti. Mmoja akawa anarudia tu, "Jamani, ni yeye. Jamani, ni yeye."

Shemeji, jana tulikuja kwako tukakueleza. Ulitufungia mlango taratibu. Leo umekuja, na hatujui kama umekuja kutusamehe au kuhakikisha tumesema mbele za watu. Lolote kati ya hayo ni haki yako.

MAOMBI

Feni tumeziondoa.

Ngao tunaomba isifunuliwe.

Tunakuomba, Daktari, uyafungue yale mafaili arobaini na moja ya mwaka huu, uzitazame picha. Utakuta mkono wa kushoto, na chini ya kiwiko kovu jeupe lililopinda. Kisha ulifungue faili la Chuma, utakuta bangili. Bangili yenyewe ndiyo hii. Tunaomba uandike na utie sahihi kwamba mkono ule ni wa mtu aliyelazwa, na kwamba ugonjwa wake ulionekana mara arobaini na moja kwa siku moja. Barua thelathini na nne tumekuletea kwenye bahasha. Saba zilichomwa au zilifuliwa, na wenyewe wameandika maelezo kwa mkono. Tumetia sahihi na namba za beji. Tunajua tunachokitia sahihi. Tuliudanganya Mfuko, na kama kuna adhabu, tupewe sisi.

Bwana Meneja, ahsante kwa kukaa. Kwako tuna ombi dogo. Ukiona ni lazima utufukuze, usitufukuze kabla ya Ijumaa, kwa sababu ushahidi wa mtu aliyefukuzwa hauna wa kuusoma. Na wale watatu wanaopumzika, waiteni. Mtu akikutwa na presha apewe dawa na kazi nyepesi, asionyeshwe mlango. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo, kila mtu angeingia stoo na mkono wake mwenyewe.

Skrini hatuilaumu. Iliona ilichoonyeshwa, na kuna watu wa mbali ambao bila skrini hawamwoni daktari kabisa. Tunaomba tu kwamba kabla ya mkono uonekane uso, na jina litajwe pamoja na namba.

Tuna swali pia, na tunaliuliza kwa adabu. Mikono arobaini na moja, kovu moja, ugonjwa mmoja. Tunajua ulishtuka, kwa sababu ulimwandikia Meneja kwamba joto la humu linaharibu figo za watu wote, yakaletwa mapipa mawili ya maji ya kunywa. Maji tunayanywa, ahsante. Lakini hukuona ajabu? Sisi tuliliona povu tukacheka. Wewe uliliona kovu ukasema pole. Hatumnyooshei mtu kidole, maana vidole vyetu wenyewe havijakauka.

HITIMISHO

Jana mchana, baada ya kutoka kwako Shemeji, Katibu alikwenda hospitali peke yake. Chuma alikuwa amelala juu ya shuka letu. Katibu aliliangalia pindo, akaiona alama. Mrija ulikuwa umeingia mkono wa kushoto, juu kidogo ya kovu, damu inatoka inaingia kwenye mashine, inarudi.

"Dada," alimwambia, "maisha yangu yote nafua. Leo nafuliwa mimi."

Katibu hakuweza kucheka. Alimweleza yote: barua mbili, kikombe cha chai, miezi mitatu. Chuma akafumba macho.

"Kwa hiyo ile hongera ilikuwa yako."

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

"Nilifurahi nayo sana," alisema. Kisha akafumbua macho. "Sasa sikiliza. Wewe ulipimwa, kwa jina langu, na u mzima. Mimi nilipimwa kwa majina yenu. Hao arobaini waliobaki, amewapima nani?"

Katibu alirudi akatuuliza swali hilo hilo. Miaka mitatu, Daktari. Asilimia mia moja. Katika ukumbi huu wamesimama watu arobaini ambao hakuna anayejua kilichomo ndani yao, na wao wenyewe hawajui. Huenda tu wazima. Huenda yuko Chuma mwingine hapa, amesimama na kofia yake, anasubiri kupiga makofi.

Ndiyo maana umeona kiti kimoja kimewekwa mbele yako, na meza, na maji ya kunawa. Hicho ndicho kiti cha stoo, tumekitoa tukakifuta. Ombi letu la mwisho ni kwamba, badala ya kukabidhi ngao, ufungue mkoba wako utupime. Barakoa tumevua. Mikono tumeshakunja. Wa kwanza atakuwa mkunjaji wa mataulo, yule aliyesimama mlangoni mwaka ule miguu ikimcheza. Bado inamcheza, lakini atakuja.

Mungu akupe macho ya kutuona na mkono mwepesi wa kutia sahihi. Ampe Shemeji yetu nguvu, na amrudishe Chuma hata kama hatalilisha roli tena. Bwana Meneja, naye akulinde, na kesho ukipimwa upimwe wewe.

Ni sisi, wafanyakazi arobaini na wawili wa kiwanda cha kufua mashuka. Waliohudhuria ni arobaini na mmoja. Aliyelazwa amekutumia salamu, Daktari. Amesema tukuambie hivi: mkono unaoufahamu unakusalimia, na jina lake ni lake.